Mzazi wa Tangi la Saba

Siku ya tisa Nyangeta alimaliza sahani ya pili ya ugali wa muhogo, akavuta ya tatu. Mumewe, Bwire, akaacha kula akabaki kumtazama.

"Mama Mafuru, hiyo njaa ni yako au ya yule samaki?"

"Ya samaki."

"Basi ungemwachia mwenyewe. Mimi kisamvu changu kimekwisha."

Nyangeta alicheka kidogo, lakini mkono wake haukuacha kumega tonge. Tumbo lilikuwa limejaa mpaka kanga inambana, na bado njaa ilikuwa pale pale chini ya mbavu, njaa ya mtu ambaye hajaonja kitu kwa siku tisa. Alikula mpaka akatoka mbio kwenda kutapika uani. Akarudi, akasukutua, akaketi, na njaa ilikuwa haijasogea hata kidogo.

Usimcheke. Mama huyu hakuwa mlafi. Njaa ile ilikuwa inatoka kwenye bangili.

Wataalamu wa Nyumba ya Furu, kituo cha kuwahifadhi samaki wadogo wa ziwani pale Nansio, ndio waliomvisha bangili hiyo mkono wa kushoto siku alipokabidhiwa tangi la saba. Ilikuwa nyembamba, ya kijivu, imeshika ngozi kama plasta. Mwenzi wa bangili hiyo, chembe ndogo kuliko punje ya ulezi, ilikuwa imepandikizwa nyuma ya kichwa cha samaki. Samaki akikosa hewa, mlezi anahema. Samaki akiogopa, mlezi anatokwa jasho. Samaki akishikwa na njaa, mlezi anaikuta njaa hiyo tumboni mwake hata kama ndiyo kwanza ametoka arusini. Zilibuniwa kwa sababu walezi wa mwanzo walikuwa wanasahau. Mmoja alikwenda msibani Musoma wiki nzima, akarudi akakuta tangi limechacha. Wataalamu wakakaa kikao, wakasema mwanadamu hasahau mwili wake, kwa hiyo samaki naye atiwe mwilini. Na kweli, tangu bangili zije hakuna samaki aliyesahauliwa tena.

Ila jamani, hakuna hata mmoja kwenye kikao kile aliyeuliza furu anazaaje.

Furu hatagi mayai akaenda zake. Jike akishataga huyaokota yote kwa mdomo, akafunga kinywa, na hapo ndipo ujauzito wake unapoanza. Wiki tatu mayai yanakaa mle, yanaanguliwa mle, vifaranga wanaota mikia mle mle. Na wiki zote tatu mama hali, maana akila atameza wanawe. Zamani, ziwa lilipokuwa bado ziwa, kabla halijawa hili dimbwi la kijani lililozungushiwa uzio, majike maelfu kwa maelfu walifunga hivyo miambani, wala hakuna mtu aliyekosa usingizi kwa ajili yao.

Wa aina hii, wenye mkia mwekundu na tumbo jeusi, majike walikuwa wamebaki saba. Waligawiwa kwa walezi saba. Sita walibeba mayai, na sita waliyapoteza kwa njia ile ile. Chukua Mzee Magesa wa Bukindo, mtu mpole kupita kiasi. Alivumilia mpaka siku ya saba. Siku hiyo akaketi na wajukuu kula, akainua macho, akamwona jike wake nyuma ya kioo, na njaa ya jike yule inamkwangua yeye tumboni. Akashindwa. Kwetu mtu hali mbele ya mwenye njaa. Hata yule usiyempenda, akikukuta mezani unamwambia karibu, na usipomwambia atalisema jambo hilo mpaka azeeke. Mzee Magesa akachukua kipande cha mnyoo, akakitupa majini. "Karibu nawe, mama," akasema. Jike akatema mayai ili apokee chakula, na dume aliyekuwa humo humo tangini akayala yote. Walezi watano wengine walifanya vivyo hivyo, kila mmoja kwa siri, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake aliyekosa moyo. Mwaka uliofuata ugonjwa wa mapezi ukapita, ukawazoa majike wale sita.

Akabaki huyu wa tangi la saba. Nyangeta alipewa kwa sababu moja tu: alikuwa amefanya kazi wodi ya wazazi miaka thelathini na mmoja, na watu walisema yule mama anaweza kukaa na mtu anayeumia bila kupapatika.

*

Mzazi, ndivyo alivyomwita samaki wake, kama walivyokuwa wanaitwa wanawake wote wa wodini kwake. Kwenye makaratasi alikuwa na namba, lakini Nyangeta hakuwahi kuitamka.

Siku mayai yalipoingia kinywani alimtoa dume kwanza, kabla ya chai. Akazungushia tangi kanga pande tatu ili watu wapitao barazani wasimshtue mama. Akapunguza taa. Mdomo wa pampu ya maji akauvalisha kipande cha sponji, maana kifaranga akishatoka ni mdogo kuliko ukucha wa mtoto na pampu ingemnyonya akapotea. Akamtuma Bwire akatafute vigae vya chungu kilichovunjika, na Bwire, ambaye vyungu vyote vya nyumbani vilikuwa vizima, akavunja kimoja.

"Umevunja chungu cha mama yangu?" Nyangeta akamwuliza.

"Umesema wajukuu wanahitaji pa kujificha. Mama yako angekataa?"

Uani, juani, wakaweka ndoo mbili za maji yaliyoota ukijani, wakafuga humo viroboto wa maji kwa ajili ya vifaranga. Kila asubuhi Nyangeta alichota kidogo kwenye gilasi, akaiinua juani, akaangalia vile vidudu vinavyorukaruka. Vilikuwa vinaongezeka. Hilo lilimpa furaha kubwa, na ilikuwa furaha yake mwenyewe, haikupitia kwenye bangili.

Kuanzia siku ya kumi aliacha kushindana na njaa kwa sahani. Alikula kidogo, wakati wake, kisha akavuta kigoda karibu na kioo. Mzazi alikaa nyuma ya kigae, kidevu kimevimba, anapumua taratibu. Mara moja moja alifanya kama anatafuna: alikuwa anawageuza wanawe mdomoni wapate hewa. Mwili wake ulikuwa umepungua. Mgongo ulianza kuonyesha mifupa.

"Pole, mama," Nyangeta alimwambia. "Najua. Leo ndiyo najua."

*

Siku ya kumi na nne alikuja Dakta Majura, mkuu wa Nyumba ya Furu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Alisoma takwimu za bangili kwenye kioo chake cha mkononi, akazisoma tena, akaketi bila kukaribishwa.

"Sista Nyangeta, hafiki mwisho. Alianza kubeba akiwa tayari amechoka. Kwa hesabu hii atakufa siku ya kumi na tisa, na vifaranga hawawezi kutoka kabla ya ishirini."

Nyangeta alimtazama mzazi nyuma ya kigae. Alikuwa amekwisha kulihisi hilo mgongoni kwake.

"Kesho tumfungue kinywa," daktari akaendelea. "Tuwatoe, tuwaweke kwenye chupa."

Chupa ilikuwa kule kituoni, ndefu, ya kioo, inayoning'inia kwenye mkono wa chuma na kuyazungusha maji ndani yake taratibu, kama mama anavyowageuza wanawe mdomoni. Ilikuwa inafanya kazi vizuri. Katika mayai mia, tisini yalikuwa yanapona.

"Na mama yao?"

"Tukimtoa mzigo leo au kesho, tukamlisha, atapona. Nina hakika."

Nyangeta alimtazama kijana huyu. Alimheshimu, maana hakuwa mtu wa uongo. Ndiyo sababu alimwuliza.

"Wale wa aina nyingine uliowalea kwenye chupa, wako wapi?"

"Wapo. Mia mbili na kumi. Wazima kabisa."

"Wamezaa?"

"Wametaga."

"Dakta, nimekuuliza kama wamezaa."

Majura alivua miwani akaifuta kwa shati. Akasema walitaga, wakayaangalia mayai yao, wakayala. Akasema jike aliyekulia kwenye chupa hajui kwamba kinywa ni nyumba. Hata akiwa kifaranga, kivuli kikipita juu ya maji, wenzake wa ziwani wangekimbilia mdomoni kwa mama. Yeye anatawanyika pembeni kama mchele uliomwagika. Kila kizazi cha samaki hao kitahitaji chupa, na watoto wao chupa, mpaka siku umeme utakapokatika au kituo kitakapofungwa.

"Kwa hiyo huyu ndiye wa mwisho anayejua," Nyangeta akasema.

"Ndiye wa mwisho. Na mimi sitaki afe." Sauti yake ilipanda. "Sikiliza, Sista. Ukiacha hivi unamwua mama ili wanawe wafunzwe adabu za ukoo. Zamani tungesema samaki hahisi kitu, tukalala. Sasa tunajua. Wewe unajua kuliko mtu yeyote duniani namna anavyoumia, na chakula kiko pale kwenye kopo. Utamwangalia tu?"

Maneno yale yalimchoma Nyangeta, na yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli.

"Nipe mpaka kesho asubuhi," akasema.

*

Asubuhi alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, kama zamani. Alikuwa na aibu kwa alichotaka kufanya. Mzee Magesa alilaumiwa kisiwa kizima kwa jambo hili hili.

Wodini alikuwa na desturi moja ambayo wauguzi wenzake waliicheka: hakumgusa mama yeyote kabla hajamwuliza. Hata mama aliyekuwa anapiga kelele, hata aliyekuja amebebwa kwenye machela, alimwinamia akamwuliza, "Unataka tufanyeje?" Wengine walijibu kwa kichwa, wengine kwa mkono, lakini walijibu. Huyu hakuwa ameulizwa na mtu. Watu wazima wawili walikaa wakabishana juu ya mwili wake kana kwamba hayupo.

Alichukua mnyoo mmoja mwekundu kwenye ncha ya kijiti, akautumbukiza mbele ya kigae, umbali wa vidole vitatu kutoka usoni mwa mzazi.

Njaa ilimrukia. Mate yalimjaa mdomoni mpaka yakamtoka kidevuni, akashika ukingo wa tangi. Kama uamuzi ungekuwa wake angekula mnyoo ule, na kijiti, na mchanga. Mzazi alisogea mbele. Macho yake mawili ya dhahabu yaliutazama mnyoo. Nyangeta akafumba yake. Ee Mungu, nimeua.

Kisha taya lake mwenyewe likabana. Halikubana kwa hiari yake. Lilibana mpaka meno yakamwuma na masikio yakavuma. Alipofumbua macho mzazi alikuwa amegeuka, amerudi nyuma ya kigae, kidevu kimevimba vile vile. Mnyoo ulizama ukalala mchangani. Njaa haikupungua hata chembe, ilikuwa imeongezeka. Ila juu ya njaa kulikuwa na kitu kingine kimeketi, kizito, na kwenye kioo cha daktari kitu hicho hakikuwa na mstari wake.

Nyangeta alilia. Siku kumi na tano alidhani yeye ndiye anayevumilia, yeye ndiye mwenye moyo mgumu wa kumnyima mwenzake chakula. Kumbe alikuwa anasindikiza tu.

Dakta Majura alipofika na glovu zake alimkuta kigodani, macho mekundu.

"Nimemwuliza. Amekataa."

Alimsimulia. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, uso ukabadilika rangi aliposikia habari ya mnyoo.

"Sista, samaki hachagui. Hiyo ni silika."

"Dakta, wanawake niliowapokea mimi, saa ya kusukuma ikifika, unadhani walikuwa wanafikiri? Na hiyo ilikuwa silika. Sikuwaambia kwamba kwa kuwa ni silika basi si uamuzi wao."

"Nitalazimika kuandika kwamba umekataa amri."

"Andika, mwanangu. Jina langu unalijua."

Daktari akautazama mkono wake wenye bangili. "Basi vua bangili angalau. Kanuni zinaruhusu. Huna sababu ya kuteseka naye."

Nyangeta aliifunika bangili kwa kiganja kama mtu anayehofia kunyang'anywa. "Nikivua, siku ya kumi na nane nitakuwa naamua mambo yake nikiwa nimeshiba. Iache."

Na daktari, lazima tumpe haki yake, hakuutumia ubavu. Aliziweka glovu mfukoni. Kuanzia siku hiyo alikuja kila asubuhi, akakaa upande wa pili wa tangi.

*

Siku ya kumi na tisa ilipita. Nyangeta hakuweza tena kusimama bila kushikiliwa, ingawa Bwire alimnywesha uji kwa kijiko na mwili wake haukupungukiwa kitu. Mzazi alikuwa ameegemea kigae. Mapezi yake yalikuwa yanatikisika kidogo tu.

Siku ya ishirini, saa nne asubuhi, jua likiwa limeingia mpaka kwenye kioo, alifungua kinywa.

Alitoka mmoja. Akasimama mbele ya uso wa mama yake, jicho na mkia basi, kama haamini. Akatoka wa pili, watatu, kisha wakamiminika. Daktari alikuwa anahesabu kwa kunong'ona. Ishirini na sita. Wakaelea mbele ya mama kama wingu dogo, na yeye akawatazama, na kupitia kwenye bangili Nyangeta alipata kitu ambacho katika miaka thelathini na mmoja alikuwa amekiona kwenye nyuso za watu tu. Akamshika Bwire mkono kwa nguvu.

"Chakula," akasema. "Haraka."

Alikuwa amekwisha kukatakata minyoo vipande vidogo. Alidondosha kimoja. Mzazi akakipokea, taya likajaribu kukibana, likashindwa, kipande kikaanguka. Akadondosha kingine. Kikaanguka nacho, vifaranga wakakivamia. Mzazi hakuwa na nguvu ya kutafuna.

Dakta Majura aliinuka kutazama vizuri. Alisahau kabisa, maskini, urefu wake. Kivuli chake kikalifunika tangi lote.

Mzazi akajiinua. Alitoa wapi nguvu zile, sijui, wala takwimu za daktari hazikuwahi kusema. Alisimama wima kati ya kivuli na wanawe, akafungua kinywa, na wale vifaranga, ambao hawakuwahi kufundishwa na mtu, wakageuka wote pamoja wakaingia mbio mpaka wa mwisho. Kinywa kikafungwa.

"Wamerudi!" Daktari alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Sista, umeona? Wamerudi wote!"

Wakati huo huo njaa ikaisha.

Ilikatika mara moja, na Nyangeta alijisikia mwepesi, akavuta pumzi ndefu ya raha. "Amekula," akasema kwa furaha. "Njaa imekwisha, dakta, nadhani amemeza kidogo." Kisha akaitazama bangili. Hakukuwa na njaa, wala hofu, wala pumzi. Mkononi kwake kulikuwa na kipande cha kitu cha kijivu tu. Nyuma ya kioo mzazi alianza kulala ubavu taratibu.

Vifaranga wote walikuwa ndani. Mama aliyekuwa anawapitishia hewa kwa pumzi zake hakuwa anapumua tena. Daktari aliingiza mkono majini, akautoa.

"Siwezi," akasema. "Fanya wewe."

Nyangeta alisogezwa na mumewe mpaka ukingoni. Aliingiza mikono yote miwili. Siku ishirini alikuwa amekizuia kinywa kile kisiguswe na mkono wa mtu yeyote, akagombana na mkuu wa kituo kwa ajili yake, na sasa ndiye yeye anayekifungua. Alimlaza mzazi kwenye kiganja cha kushoto.

"Samahani, mama," akasema, akaweka ncha ya kidole kidogo kwenye taya.

Taya halikubisha. Lilifunguka kwa wepesi ambao ulimvunja moyo kuliko kitu kingine chochote. Aliwamimina taratibu, akimpinda kichwa chini, mmoja, wawili, watano, na walipokwama alipitisha maji kwa kidole. Wote ishirini na sita walitoka wanaogelea.

Alimwinua mzazi kutoka majini akampa daktari, na daktari akampokea kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa.

"Nimemwua, dakta?"

Majura alifikiri. "Sijui, Sista," akasema. "Kwa kweli sijui."

Nyangeta alitaka kuutoa mkono wa kulia uliobaki majini. Alipoutikisa tu, kivuli chake kiliwashtua vifaranga. Hawakutawanyika pembeni. Walizunguka mara moja, wanatafuta, kisha wakaona kiganja kilichokunjika nusu, na kiza kilichokuwa ndani yake, wakaingia. Aliwahisi kwenye ngozi, wakigongana na kutulia katikati ya vidole. Bangili haikuwa na kazi yoyote katika hilo. Hapo ndipo alipolia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani, na Bwire akamwacha alie.

Baada ya muda daktari aliwasha kioo chake. Palikuwa na mahali pa kujaza, na alikuwa anaona haya kuuliza.

"Sababu ya kifo, niandike nini? Njaa?"

"Hapana," Nyangeta akasema. Hakuutoa mkono majini. "Andika uzazi. Halafu niletee kiti."